Silinda Moja Si Umaskini

Pikipiki nyingi zinazopumzika kivulini pale steji ya Gongoni zimeandikwa neno moja tangini: Boxer. Ni jina la biashara la kampuni ya Bajaj ya India, wala sina ugomvi nalo. Ila kwa watu wa injini, boksa ni kitu kingine. Ni injini ya silinda mbili zilizolazwa, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, pistoni zake zikitoka pamoja na kurudi pamoja kama mabondia wanaogonganisha ngumi. BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923 ikiwa na injini ya namna hiyo, na mpaka leo inaziunda. Boxer ya Gongoni haina undugu nayo. Ina silinda moja tu, basi.

Siku nilipolieleza jambo hili stejini, kijana mmoja alipiga makofi. "Si nilijua, Mwalimu! Hata jina tumeazima. Hizi zetu si pikipiki, ni za kuponea njaa. Pikipiki ni zile."

Zile ni zile zinazopita Jumamosi, misafara kutoka Nairobi na Mombasa ikielekea Lamu. Husimama hapa kununua maji na madafu. Wenyewe wamevaa majaketi mazito katika jua la Magarini, na injini zao hata zikizimwa huendelea kulialia kwa joto, tik, tik, tik. Vijana huzizunguka. Swali la kwanza huwa ni silinda ngapi, la pili ni cc ngapi, na baada ya majibu hayo mawili hukumu imeshatolewa.

Maneno ya kijana yule si yake peke yake. Nimeyasikia katika maduka ya vipuri Malindi, nimeyasikia kwa wazazi wenye vijana waliomaliza shule, nimeyasikia hata kwa mafundi ambao silinda moja ndiyo inayowalisha. Wanachosema ni hiki: ubora wa injini huhesabiwa kwa silinda na cc, silinda moja ni daraja la chini kabisa, nasi tunaipanda kwa sababu mfuko hauturuhusu, ukituruhusu tutaiacha siku hiyohiyo. Nasema hayo si kweli, na nasema yanatudhuru.

Sitazitukana injini nyingine ili kuisifu yetu. Kila moja ina wapenzi wake na wana haki. Injini ya mipigo minne huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili ya krenki. Ukiwa na silinda moja, basi ni pigo moja, kisha kimya kirefu, kisha pigo jingine. Katikati ya hayo mapigo ni gurudumu zito la ndani linalobeba mwendo, kama mtu anayesukuma bembea na kungoja irudi. Ukipanga silinda mbili bega kwa bega, kama Triumph walivyofanya kwenye Speed Twin ya 1937, unaweza kupata pigo katika kila mzunguko, na pikipiki inalainika. Mwaka 1995 Yamaha, katika TRX850, waliisogeza mikono ya krenki hadi nyuzi 270. Mapigo yakaacha kulingana, na wapanda pikipiki wakasema tairi la nyuma sasa linaishika barabara vizuri zaidi. Viwanda vingi vimewafuata. Injini ya aina hiyo ndiyo iliyo katika pikipiki nyingi zinazopita hapa kwenda Lamu, na kwa safari ya siku nzima juu ya lami naikubali bila ubishi.

Ya V ni hadithi nyingine. Harley-Davidson huziweka silinda zake kwa pembe ya nyuzi 45, na vyuma vyote viwili vya pistoni hushika pini moja ya krenki. Kwa hiyo pigo la pili huja baada ya nyuzi 315, na la kwanza hurudi baada ya 405. Ndiyo sababu mlio wake unachechemea. Watu hununua mlio huo kwa bei ya nyumba, nami siwalaumu. Silinda nne zilizojipanga mstari, ambazo Honda ilizifanya zijulikane dunia nzima kwa CB750 ya 1969, huwaka kila nusu mzunguko. Hazipigi, zinaimba, na anayependa kuvuta mafuta hadi sindano iguse nambari nyekundu hatapata raha kama ile kwingine. Boksa huweka uzito chini, karibu na ardhi, na huzitoa silinda zake nje zikapate upepo. Msafiri wa mbali huipenda kwa utulivu wake, japo katika vijia vyetu vya miiba na visiki ningeogopa kupita na vichwa viwili vya injini vilivyochomoza huku na huku.

Kila chombo kwa wimbile. Watu wa Ngomeni wanalijua hili kuliko mimi. Hakuna mvuvi aliyewahi kuniambia kwamba jahazi ndicho chombo cha kweli na mtumbwi ni wa kuponea njaa. Kwenye hori, kati ya mikoko, maji yakiwa ya magotini, nahodha wa jahazi huomba mtumbwi. Kwa nini akili hiyo tuliyo nayo baharini tunaiacha tunapofika barabarani?

Tuje kwenye hesabu, maana wanaobishana nami hupenda nambari. Kawasaki wanaunda pikipiki iitwayo ZX-25R, cc 250, silinda nne. Honda wanaunda CRF250L, cc 250 vilevile, silinda moja. Nguvu ya kuvuta ya hizi mbili ni karibu sawa, takribani Nm 23 kila moja. Tofauti ni mahali inapopatikana. Ile ya silinda nne huitoa krenki ikizunguka mara 14,500 kwa dakika. Ile ya silinda moja huitoa kwenye 6,500. Silinda nyingi huzaa pistoni ndogo na nyepesi, pistoni nyepesi huenda mbio bila kuvunjika, na mbio hizo ndizo zinazozaa nguvu za farasi unazosoma kwenye karatasi. Hiyo ndiyo siri yote. Mwendo ukiwa mdogo, siri hiyo haikusaidii kitu.

Sasa nenda nami kutoka Gongoni hadi Ngomeni. Barabara inapita kati ya mabwawa ya chumvi, mchanga umelegea, nyuma umebeba mama na mtoto, na mbele juu ya tangi kuna ndoo ya samaki iliyofunikwa gunia. Unaenda kilomita 20 kwa saa, pengine chini ya hapo. Gurudumu la mbele likizama unahitaji injini ivute sasa hivi, kutoka chini, bila kupiga kelele na bila kuteleza. Ukiwa na injini inayongoja mizunguko 14,500 utakuwa umeanguka zamani na samaki wamemwagika. Boxer ya 150 hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, kama Nm 12, kwenye mizunguko 5,000 hivi, na chini ya hapo bado inavuta. Kwa karatasi ni kidogo. Kwa mchanga wa Ngomeni inatosha, na kinachotosha mahali pake hakina upungufu.

Tukiwa bado Ngomeni, niseme jambo moja la pembeni. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, kutoka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini pale, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya saba ya uhuru wetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei peke yake. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa ndogo kuliko nyingine zote za Marekani za wakati huo zilizoweza kufikisha setilaiti angani. Ilitumia mafuta magumu, ikakwepa pampu na mabomba ya mafuta ya maji. Wataalamu walichagua kitu kidogo kisicho na mambo mengi, wakakileta karibu na ikweta ambako mzunguko wa dunia ungekisaidia. Hakuna aliyewaita maskini.

Ndugu zangu wa upande wa pili wana jibu wanalolipenda sana: "Unaisifu kwa sababu huna nyingine." Basi tuwaangalie wenye pesa zao. Mbio za Paris hadi Dakar zilipoanza, mshindi wa kwanza wa pikipiki, mwaka 1979, alikuwa Mfaransa Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500, silinda moja. Baadaye boksa za BMW zilishinda, na za V zikashinda, sikatai. Tangu 2011 mashindano hayo yanaruhusu cc 450 tu, na kila pikipiki iliyoshinda tangu hapo imekuwa ya silinda moja. Utaniambia sheria ndiyo iliyowalazimisha. Sheria ilikata cc, lakini iliruhusu silinda moja au mbili. Aprilia ya Italia ilijaribu V ya silinda mbili katika cc 450, ikafika nafasi ya tatu mwaka 2010, ushindi haikuupata. Viwanda vyenye mabilioni, wahandisi waliosoma, na mchanga kama wetu ila mwingi zaidi: wote wamerudi kwenye pistoni moja. Hao nao wanaponea njaa?

Tena injini hizi hazikuokotwa jalalani. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilibuniwa makusudi kwa nchi kama zetu. Wahandisi walikuwa wameona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi hizo: zinabebeshwa kupita kiasi, oili haibadilishwi kwa wakati, haziguswi mpaka zizime zenyewe. Wakaachana na cheni ya taimingi inayopanda hadi kwenye hedi, wakarudi kwenye fimbo za vali, utaratibu wa zamani lakini mvumilivu. Wachina wameiiga injini hiyo mara zisizohesabika, na pikipiki nyingi zilizopita mikononi mwetu ni wajukuu zake. Ukiwa na ya Kichina, piga magoti, pangusa matope ubavuni mwa injini, usome alama iliyopigwa kwenye chuma. Ukikuta 156FMI, hiyo 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa pistoni kwa milimita, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, na I ni kundi la cc 125. Ukikuta 162FMJ, pistoni ni milimita 62 na kundi ni la 150. Nimewaonyesha vijana wengi alama hizo. Wengi walikuwa wameendesha miaka mitatu, minne, na hawajawahi kuzitazama. Wanajua cc za pikipiki ya mgeni aliyepita, hawajui pistoni inayowalisha ina upana gani.

Hapo ndipo ninapoumia. Rai hii ya kuhesabu silinda imekaa miongoni mwetu na inafanya kazi yake. Kijana anayeamini kwamba injini yake ni ya daraja la chini hajifunzi jina lake, haisikilizi, haimwagi oili kwa wakati. Anaipasua ekzosi, anatoa kizuia sauti cha ndani, ili ilie kama ya silinda nne. Haitalia hivyo kamwe, kwa sababu pigo ni moja katika mizunguko miwili, hata uitoboe mara ngapi. Atakachopata ni kelele inayowaamsha watoto na wagonjwa saa tisa ya usiku, na kabureta isiyopatana tena na pumzi ya injini, hewa nyingi na mafuta kidogo, hedi ikichemka. Kisha anaichapa kwenye lami ya kuelekea Sabaki akijaribu mwendo ambao injini haikuundwa kwa ajili yake. Nimehudhuria mazishi. Sitasema zaidi.

Ugonjwa huohuo umeingia hata ndani ya silinda moja yenyewe. Stejini siku hizi mwenye cc 100 hudharauliwa na mwenye 125, na mwenye 125 na mwenye 150. Kijana anachukua mkopo mkubwa zaidi ili asichekwe, na tofauti ya malipo anaisukuma kwa miezi na miezi. Kama kazi yako ni kupanda na magunia kuelekea Marafa, ambako ardhi huanza kuinuka, chukua 150, pesa yako itarudi. Lakini kama unamchukua abiria mmoja sokoni unampeleka Mambrui kwa lami iliyonyooka, farasi wanane wa injini ya 100 wanafika sawasawa na kumi na wawili wa 150, na jioni tangi lina mafuta zaidi. Mwenye kukucheka hatakulipia mkopo.

Chumvi nayo ina neno katika ubishi huu. Tunaishi katika nchi ya chumvi, kuanzia hapa hadi Kurawa, na upepo wa kusi hauchagui pikipiki ya tajiri. Chumvi huingia kwenye viungo vya nyaya, hutafuna mapezi ya alumini yanayopoza silinda, hukamata boliti. Kila kiungo unachoongeza ni mlango mwingine ulioifungulia. Injini ya zamani ya silinda nne ina kabureta nne ambazo lazima zivute pumzi sawa, na ya kisasa ina vali 16 ambazo kuzirekebisha mara nyingi kunataka kamshafti zitolewe. Nani atafanya hivyo Fundisa? Nani Marereni? Silinda moja ya hapa kwetu ina vali mbili, na fundi aliyekaa juu ya dumu lililopinduliwa anaweza kuzirekebisha kabla chai yake haijapoa.

Nimemtazama fundi akifanya hivyo mara nyingi, na sichoki. Anaingoja injini ipoe kabisa. Anafungua kifuniko, anaizungusha krenki taratibu mpaka alama ikutane na alama. Kisha anachukua bamba jembamba la kupimia, 0.08 za milimita kwa injini hizi za ukoo wa CG, karibu unene wa unywele. Analipitisha kati ya tapeti na mkia wa vali. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Likikataa kuingia, imebana. Anataka lipite likikwaruza kidogo, kama kisu kwenye ngozi ya samaki. Mikono ile ina masizi na makovu, na inapima unywele. Halafu mtu aje aniambie hii ni mashine isiyohitaji ujuzi!

Haki yake lazima nayo isemwe: silinda moja inatikisa. Hakuna pistoni ya pili ya kuipinga, kwa hiyo kila inapopanda na kushuka fremu nzima inajua. Boliti hulegea, kioo cha kutazamia nyuma huonyesha barabara mbili, na baada ya siku ndefu vidole hufa ganzi. Baadhi ya injini za 150 na kuendelea zimewekewa shafti ya kusawazisha, na anayeweza kuipata aichague, si kwa sifa bali kwa mikono yake. Wazee waliopanda Yamaha AG100 na Suzuki A100 za mipigo miwili, zilizokuwa zikitumiwa na maofisa wa kilimo, watakwambia zile zilikuwa laini zaidi na kali zaidi, kwa kuwa ziliwaka kila mzunguko. Ni kweli. Zilichoma oili pamoja na mafuta pia, na moshi wake ulikuwa mzito. Sizililii.

Lugha yetu ilikuwa na masikio mazuri kuliko sisi. Wazee walikuwa na neno tukutuku, sisi tuna pikipiki. Yatamke polepole: piki, piki. Unasikia pigo na nafasi baada ya pigo. Hakuna silinda nne duniani inayosema hivyo.

Na ile nafasi ndiyo inayomwezesha fundi kuitibu injini kwa sikio. Wiki mbili zilizopita kijana yuleyule wa "pikipiki ni zile" alikuja kwa fundi huyo, chini ya mti, na Boxer yake, ekzosi imetobolewa, analalamika kwamba injini ina ugonjwa ndani na hajui ni wapi. Fundi hakubishana naye. Alichomeka tambara kwenye matobo ya ekzosi kwa dakika chache ili kelele ipungue, akaiwasha, akaiacha ingurume polepole. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya hedi, mpini sikioni. Akahamisha ncha hadi kwenye bloku. Akahamisha tena hadi ubavuni mwa krenki. Kisha akampa kijana bisibisi.

"Sikiza wewe, mwanangu. Anza chini."

Kijana akainama. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, jicho moja limefumba, kidole kimeziba sikio la pili. Akapandisha ncha kidogo kidogo mpaka ikafika juu, upande wa ekzosi, akatulia.

"Fundi, huku juu kuna kitu kinagonga. Kila baada ya pigo."

"Kinagonga vipi?"

"Kama kucha kwenye meza."

Fundi akaizima injini, akaketi juu ya dumu lake kuingoja ipoe. Kijana hakwenda stejini. Alichuchumaa pale, akaanza kuchambua spana katika sanduku, akitafuta ya kufungulia kifuniko.